Mtakatifu Frumentius wa Aksum: Kutunza na Kupambanua

Liko swali moja ambalo siku hizi lapita kutoka kigango hata kigango, tangu Musoma mjini mpaka Bunda na Butiama, na zaidi sana midomoni mwa vijana. Wameona katika simu zao habari za kitabu kiitwacho Kitabu cha Henoko. Wameambiwa kwamba hicho ni sehemu ya Maandiko Matakatifu, na kwamba Kanisa lilikificha makusudi ili waumini wasipate kukisoma. Wako waliofadhaika, na wako waliokwenda kwa katekista wakiwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa urithi wake.

Swali hili si la kudharauliwa, wala halijibiwi kwa kukemea. Mtu anayetaka kujua vitabu vya dini yake vimetoka wapi, nani alivinakili, na kwa nini kimoja husomwa katika Misa na kingine hakisomwi, anauliza jambo la haki. Nasi twaona kwamba jibu lake laweza kupatikana katika maisha ya mtu mmoja aliyeishi katika karne ya 4, humu humu Afrika, katika nchi ya Uhabeshi ambayo leo twaiita Ethiopia. Mtu huyo ni Mtakatifu Frumentius, Askofu wa kwanza wa Aksum, ambaye waumini wa huko humwita Abba Salama, maana yake Baba wa Amani. Basi na tuyasimulie maisha yake kwanza, kisha tuvitazame vitabu.

Frumentius alikuwa mtu wa Tiro, mji wa wafanya biashara kando ya bahari, katika nchi ya Lebanoni. Habari zake zimeandikwa na padre mmoja jina lake Rufinus, wa mji wa Aquileia, aliyetunga historia ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya 5. Rufinus hakuzitunga kwa kubahatisha, bali alizisikia kinywani mwa Aedesius, aliyesafiri pamoja na Frumentius tangu ujana wao, na ambaye baadaye alikuwa padre huko Tiro.

Alikuwako huko Tiro mwanafalsafa mmoja, Meropius, aliyetamani kuziona nchi za mbali. Akawachukua vijana wawili wa jamaa yake, Frumentius na Aedesius, akiwafundisha njiani, wakasafiri mpaka nchi ambazo Warumi waliziita India. Siku zile jina hilo lilitumika ovyo, hata kwa nchi zilizo kando ya Bahari ya Shamu. Walipokuwa wakirudi, chombo chao kiliingia bandarini kutafuta maji na chakula. Kwa bahati mbaya, maagano kati ya wenyeji wa pwani ile na dola ya Rumi yalikuwa yamevunjika karibuni, na desturi ilikuwa kuwalipiza kisasi Warumi wo wote watakaoonekana. Wenyeji wakakivamia chombo, wakamwua Meropius na watu wote waliokuwamo. Wale vijana wawili hawakuwa chomboni. Walikutwa nchi kavu, wameketi chini ya mti wakisoma masomo yao. Wale watu wakawahurumia kwa sababu ya udogo wao, wakawachukua mpaka kwa mfalme wao huko Aksum.

Mfalme akaona kwamba vijana hawa wana akili na uaminifu. Akamfanya Aedesius mnyweshaji wake, na Frumentius, aliyekuwa na busara zaidi, akamkabidhi hazina na maandiko ya serikali. Basi yatima wa jana akawa mtunza hesabu na barua za ufalme mkubwa, ambao biashara yake ya pembe za ndovu ilivuka bahari mpaka Arabuni na Misri. Mfalme alipokaribia kufa aliwaachia huru waende watakako. Lakini malkia, akiwa mjane na mwana mdogo, aliwasihi wasimwache peke yake mpaka mtoto atakapokua. Wakakubali, wakakaa.

Katika miaka hiyo ya kuutumikia ufalme, Frumentius alianza kazi nyingine pole pole. Aliulizia kama kati ya wafanya biashara wa Kirumi waliokuja Aksum walikuwamo Wakristo. Aliowapata aliwapa ruhusa na ulinzi, akawahimiza watafute mahali pa kukutania na kusali kwa kadiri ya desturi ya Kanisa, naye mwenyewe akawatolea viwanja na mahitaji. Kumbukeni kwamba siku zile hakuwa padre wala shemasi, bali mlei mwenye kazi ya serikali. Kanisa la Aksum liliota kwanza kama mche katika bustani ya mlei, kabla ya Askofu kuja kulimwagilia.

Mwana wa mfalme alipokua na kushika utawala, wale wawili wakaomba ruhusa kuondoka. Aedesius akaenda moja kwa moja Tiro kuwaona wazazi na jamaa zake. Frumentius hakwenda nyumbani. Alikwenda Aleksandria katika Misri, kwa Askofu Atanasi, aliyeshika kiti hicho mwaka 328. Akamweleza jinsi Wakristo walivyoongezeka huko Aksum, na jinsi nyumba za sala zilivyojengwa, akamwomba atafute mtu anayestahili awe Askofu wao. Atanasi akakusanya mapadre wake, akafikiri, kisha akaona kwamba hakuna mtu afaaye kupita yule yule aliyeleta habari. Akamwekea mikono Frumentius awe Askofu, akamrudisha Aksum.

Frumentius aliporudi alimkuta kijana aliyemlea ameketi katika kiti cha enzi. Wataalamu wengi humtambua mfalme huyo kuwa Ezana. Habari za kuongoka kwa Ezana hatuzipati katika vitabu tu, bali zimeandikwa katika mawe na katika dhahabu. Sarafu zake za kwanza zina alama ya mwezi mwandamo na duara, alama za dini ya zamani. Sarafu zake za baadaye zina msalaba, nazo ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kutiwa alama hiyo. Kadhalika maandishi yake ya mawe: yale ya mwanzo yamshukuru mungu wa vita wa jadi, na yale ya baadaye yamshukuru Bwana wa Mbingu. Moja, lililoandikwa kwa Kigiriki, lakiri waziwazi Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu.

Haukupita muda mrefu kabla imani hiyo haijajaribiwa. Mafundisho ya Ario, aliyekana umungu wa Kristo, yalikuwa yamehukumiwa na Mtaguso wa Nikea mwaka 325, lakini Kaisari Constantius aliyapendelea. Akamfukuza Atanasi katika kiti chake, akamweka mtu mwingine, Georgi. Kisha, kama mwaka 356 au 357, akapeleka barua mpaka Aksum, kwa Ezana na nduguye Sazana, akiwataka wamtume Frumentius arudi Aleksandria ili apimwe imani yake na huyo Georgi. Barua hiyo imehifadhiwa na Atanasi mwenyewe katika utetezi wake, nayo ni ushahidi mkubwa kwamba Frumentius si mtu wa hadithi. Kaisari wa Rumi hakupata alichokitaka, na Kanisa la Aksum likabaki katika imani ya Nikea. Tangu wakati huo Ethiopia ilipokea Maaskofu wake wakuu kutoka Misri kwa muda wa karne 16 hivi, mpaka mwaka 1959 ilipopata Patriarki wake yenyewe.

Hayo ndiyo maisha ya Abba Salama. Sasa tuje kwenye vitabu, maana hapo ndipo swali la vijana wetu linapolala.

Kanisa alilolipanda Frumentius halikuridhika kusali kwa lugha ya kigeni. Kuanzia karne ya 4 hata karne ya 6, Maandiko Matakatifu yalifasiriwa kutoka Kigiriki kuwa Kige'ez, lugha ya Aksum. Mapokeo yawataja pia watawa waitwao Watakatifu Tisa, waliokuja kutoka nchi za mbali na kujenga monasteri katika milima ya kaskazini. Mmoja wao ni Abba Garima. Katika monasteri iitwayo kwa jina lake vimetunzwa mpaka nyakati zetu vitabu vya Injili vilivyoandikwa juu ya ngozi, vyenye picha za rangi. Wataalamu walipoipima ngozi hiyo kwa njia za sayansi walikuta kwamba ni ya kati ya karne ya 4 na karne ya 7. Ni miongoni mwa Injili zenye picha zilizo za kale kupita zote duniani, nazo zimo Afrika.

Pamoja na Injili na vitabu vya Manabii, wafasiri hao walitia katika Kige'ez vitabu vingine vilivyokuwa vikisomwa na Wakristo wa siku zile. Kimoja ni Henoko. Kingine ni Kitabu cha Yubilei, ambacho Waethiopia hukiita Kufale. Kingine ni Kupaa kwa Isaya. Vitabu hivi ndivyo viitwavyo apokrifa. Hapa msomaji asichanganyikiwe. Ndugu zetu Waprotestanti mara nyingi hutumia neno hilo kwa vitabu kama Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na Wamakabayo, ambavyo sisi Wakatoliki twavihesabu kuwa Maandiko Matakatifu na huviita vya deuterokanoni. Sisi tukisema apokrifa twataja vitabu vilivyo nje ya vitabu 73 vya Biblia yetu, ambavyo vilitungwa kwa majina ya watu wakuu wa zamani, kama vile Henoko, au Musa, au Mitume.

Je, Henoko alitunga kitabu chake mwenyewe? Sivyo. Henoko wa kitabu cha Mwanzo ni mzee wa kale, wa saba tangu Adamu. Kitabu kinachoitwa kwa jina lake kilitungwa na Wayahudi wacha Mungu waliokuwa wengi, kwa nyakati mbalimbali, katika karne chache kabla ya Kristo na karibu na wakati wake. Chasimulia malaika walioasi na kushuka duniani, na safari za Henoko mbinguni, na mwendo wa jua na mwezi, na hukumu ya mwisho. Twawezaje kujua haya? Mwaka 1947 mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalianza kutoa hazina zake, na katika pango moja lililogunduliwa mwaka 1952 vilionekana vipande vya kitabu hiki kwa Kiaramu. Mtaalamu J. T. Milik alivitoa kwa chapa mwaka 1976. Baadhi yake ni vya zamani kama miaka 200 kabla ya Kristo. Basi ikajulikana hakika kwamba kitabu walichokitunza Waethiopia hawakukitunga wao, bali walikipokea kutoka Kigiriki, nacho Kigiriki kilitoka katika Kiaramu cha Palestina.

Tena Wakristo wa kwanza walikijua. Barua ya Mtume Yuda, iliyomo katika Biblia zetu zote, yalitaja neno la Henoko katika aya ya 14 na ya 15. Tertullianus wa Karthago alikipenda kitabu hiki. Lakini wengine walikitilia shaka, na polepole Kanisa lilianza kupambanua. Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa ya ajabu. Ilikuwa desturi ya Askofu wa Aleksandria kupeleka barua kila mwaka kuwatangazia waumini siku ya Pasaka. Katika barua yake ya mwaka 367, Atanasi aliandika orodha ya Maandiko Matakatifu, na kwa Agano Jipya alitaja vitabu vile vile 27 tunavyovisoma leo. Akawaonya waumini wake wajihadhari na vitabu vya apokrifa, na kati ya hivyo akakitaja cha Henoko.

Angalieni basi: Atanasi aliyemwekea mikono Frumentius ndiye aliyekikataa Kitabu cha Henoko, na Kanisa la Frumentius, binti wa Aleksandria, ndilo lililokitunza kizima wakati kilipopotea kwingine kote. Baba alipambanua, na binti akatunza. Wala Afrika haikuishia hapo katika kazi ya kupambanua. Mwaka 393 Maaskofu walikutana Hippo, na mwaka 397 wakakutana Karthago, miji ya Afrika ya Kaskazini, katika siku za Mtakatifu Augustino. Orodha waliyoikubali ndiyo hiyo hiyo ya vitabu 73 ambayo Mtaguso wa Trento uliithibitisha mwaka 1546. Anayedhani kwamba Biblia ilipangwa na wazungu huko mbali, na Mwafrika akaletewa tu, hajasoma historia ya bara lake.

Lakini kwa nini Henoko alipotea Ugiriki na Rumi? Je, yuko mtu aliyekificha kitabu hicho? Wasomaji wapenzi, kabla ya mitambo ya kupiga chapa, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Ngozi za wanyama zililowekwa, zikakwanguliwa, zikakaushwa, na mwandishi akakaa miezi mingi akiinamia kazi yake. Hakuna jumuiya iliyotaabika hivyo kwa kitabu ambacho haikikusudii kwa ibada wala kwa mafundisho. Kitabu kisichosomwa hakinakiliwi, na kisichonakiliwa hufa chenyewe, kwa unyevu, kwa moto na kwa wadudu. Ndivyo kilivyokufa Kitabu cha Henoko kwa Wagiriki na Walatini, isipokuwa vipande. Kwa Waethiopia hakikufa, maana wao walikihesabu kati ya vitabu vyao 81, na mtawa baada ya mtawa alikinakili.

Habari ziliposikika Ulaya kwamba kitabu hicho kingali kizima, wasomi walikitamani sana. Msafiri James Bruce, mtu wa Uskoti, alifika Gondar mwaka 1770, na aliporudi Ulaya mwaka 1773 alileta nakala tatu za Kige'ez. Moja aliitoa kwa maktaba ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1821 Richard Laurence wa Oxford alichapisha tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo yeyote anayetaka aweza kukisoma. Je, hicho ni kitabu kilichofichwa? Kimechapishwa kwa zaidi ya miaka 200, na mapadre wasomi wamekichunguza pamoja na wengine. Yule anayewaambia vijana kwamba amekifunua yeye katika simu amechelewa sana.

Wala si apokrifa tu zilizotunzwa katika Kanisa la Abba Salama. Limetunza pia sala ambazo zatuhusu sisi wa Mara kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 17 padre mmoja Mwethiopia, Abba Gorgoryos, alikaa Rumi katika nyumba ya Waethiopia iliyo karibu na kanisa la Mtakatifu Stefano, nyuma ya Basilika la Mtakatifu Petro. Huko mwaka 1649 alikutana na msomi Mjerumani, Hiob Ludolf, akamfundisha lugha yake na habari za nchi yake. Baadaye, mwaka 1691, Ludolf alichapisha sehemu za kitabu cha kanuni za Kanisa la Ethiopia, na ndani yake zimo sala ya kumweka wakfu Askofu na sala ya kushukuru juu ya mkate na divai. Zikachapwa, lakini asili yake haikutambulikana mara moja.

Karne mbili zikapita. Mwaka 1900 ilichapishwa nakala ya Kilatini iliyokutwa Verona, katika ngozi iliyokwanguliwa na kuandikwa tena juu yake maneno mengine. Wataalamu, akiwamo mtawa Mbenedikto R. H. Connolly mwaka 1916, wakalinganisha Kilatini, Kikopti, Kiarabu na Kige'ez, wakaona kwamba vyote ni vijito vya chemchemi moja: maandishi ya Kigiriki ya zamani sana, yaitwayo Mapokeo ya Mitume. Waliyahesabu kuwa ya Hippolito wa Rumi, aliyekufa mwaka 235. Wataalamu wa siku hizi hawakubaliani wote juu ya jina la mtungaji, wakiona kwamba kazi hiyo ilikusanywa na mikono mingi. Lakini ukale wa sala zake ni mkubwa. Na mwaka 2011 mtaalamu Alessandro Bausi alichapisha tafsiri nyingine ya Kige'ez, iliyokutwa katika kitabu cha ngozi kutoka Tigray, kaskazini ya Ethiopia. Hiyo ilitoka moja kwa moja katika Kigiriki, tangu enzi za ufalme wa Aksum, bila kupitia Kiarabu.

Yatuhusu nini haya? Mpaka miaka ya 1960 Kanisa letu la Kilatini lilikuwa na Sala Kuu moja tu ya Misa. Baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1968, ziliongezwa nyingine, na ile iitwayo Sala ya Ekaristi ya Pili ilitungwa kwa kufuata Mapokeo ya Mitume. Ndiyo fupi, ambayo husikika mara nyingi katika Misa za siku za juma. Mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita aliamuru kwamba Askofu awekwe wakfu kwa sala iliyotoka katika maandishi hayo hayo. Basi Maaskofu wa Musoma na wa Bunda waliowekwa wakfu tangu wakati huo wameombewa kwa maneno ambayo mizizi yake ilitunzwa pia na Waethiopia. Nao Waethiopia hutumia katika ibada yao Sala ya Mitume, iliyo ndugu wa Sala yetu ya Pili. Mkristo wa Nyegina anapojibu Amina asubuhi ya Jumatano, anajibu sala yenye udugu na ile inayosaliwa Aksum.

Kutokana na maisha ya Frumentius na historia ya vitabu vya Kanisa lake twapata mafundisho mawili, na hayafai kutenganishwa.

La kwanza ni hili: kutunza kitabu si sawa na kukiamini kama Neno la Mungu, na kutokiweka katika Biblia si sawa na kukichukia. Tuna mfano kwetu. Majina ya Joakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, hayamo katika Injili yoyote. Yametoka katika kitabu cha karne ya 2 kiitwacho Injili ya Yakobo ya Utoto, ambacho ni apokrifa. Kanisa halikukitia kitabu hicho katika Biblia, lakini lawaheshimu wazazi hao kila tarehe 26 Julai. Mzazi mwenye busara hutunza barua zote za mababu, lakini haziweki zote sawa na wosia. Basi kijana akitaka kumsoma Henoko na asome, akijua anasoma nini: ushuhuda wa jinsi Wayahudi walivyowaza juu ya malaika na hukumu karibu na siku za Bwana wetu. Asisome kama mtu aliyepata Injili mpya. Na ndugu zetu wa Ethiopia, wanaokihesabu kitabu hicho kati ya vyao, wanastahili heshima na shukrani zetu, maana bila wao ulimwengu usingekuwa nacho kizima.

La pili ni kwamba imani hukaa pale inapopata lugha ya wenyeji na watu wa kuinakili. Kanisa la Aksum halikudumu kwa nguvu za Ezana, maana ufalme wa Aksum umekwisha zamani. Lilidumu kwa Kige'ez na kwa ngozi zilizoandikwa. Sisi wa Mara tunaye mmoja wetu aliyelielewa jambo hili. Julius Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa Ndanda mwaka 1996. Katika hayo Matendo imo habari ya yule towashi wa Kandake, Mwafrika aliyekuwa akisoma gari lake likienda, mtunza hazina kama alivyokuwa Frumentius baadaye.

Lakini je, sisi wengine tunanakili nini? Padre wa kwanza alifungua misioni ya Nyegina mwaka 1911. Tangu hapo zimetungwa nyimbo na sala, na katekisimu zikafundishwa kwa lugha za nchi hii. Makatekista wazee wameandika madaftari kwa mkono, na vitabu vya ubatizo vimejaa majina ya babu zetu. Ni vingapi vimelala sandukuni vikiliwa na mchwa? Ni wimbo gani wajua bibi wa jumuiya yako ambao hakuna kijana aliyeuandika? Hakuna adui atakayekuja kuvificha. Vitapotea vyenyewe, kama Henoko alivyopotea Ugiriki, kwa sababu tu hakuna aliyeketi kunakili.

Basi kijana mwenye simu, badala ya kuitumia kutafuta siri ambazo si siri, na aende kwa katekista mzee wa kigango chake, aombe kuliona daftari lake, alipige picha ukurasa kwa ukurasa, aulize kila neno asilolijua, kisha nakala aipeleke parokiani. Kazi hiyo ni ndogo machoni pa watu. Lakini Frumentius alipoketi akipanga barua na hesabu za mfalme wa kigeni, wala yeye hakujua ni Kanisa gani litakalotoka katika uaminifu wake, wala ni vitabu vingapi litavitunzia ulimwengu mzima.